Mayu, Shuka Tutembee Kidogo

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa ndani ya haisi ya Mwadui. Imesimama stendi inasubiri ijae, na konda ameshasema "bado wawili tu" mara tatu, kwa hiyo muda ninao. Wivu pia ninao, na nisipokuambia wewe sijui nimwambie nani.

Watu walijaa kwenye msiba wako. Binamu yangu wa Dar aliposikia wanakusifu kwa daladala yako, akauliza gari ameachiwa nani. Waombolezaji walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta. Nikamwonyesha baiskeli yako imeegemea ukuta, nikamwambia daladala ya Shinyanga ndiyo hiyo, mafuta yake ni ugali.

Aliyenikera ni Mama Kulwa, yule muuza dagaa wa sokoni. Alilia kuliko mimi, Baba. Mimi mwanao wa pekee nililia nikachoka, nikainua kichwa, nikamkuta yeye bado anaendelea. Siku ya kuanua matanga, mbele ya baba wadogo wote, akaomba apewe ule mto wa sponji ulioushona mwenyewe ukaufunga kwenye keria ya baiskeli. Eti aukalie sokoni, awe anakukumbuka. Nikasema hapana kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Mto ule nimeukalia miaka sita, kutoka kwetu Ngokolo mpaka stendi, tangu nilipoanza kushona sare kule Mwadui. Umeshika umbo langu.

Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi: "Haya, mwanangu. Ila baba yako alinibeba vizuri. Hata pale kwenye mwinuko wa reli hakuwahi kunishusha."

Hakuwahi kumshusha! Mimi ulinishusha kila asubuhi. "Mayu, shuka tutembee kidogo." Liwe jua, liwe tope, nimevaa viatu vyangu vya kazi. Nilikuwa nanuna mpaka tunafika stendi. Siku moja nilikuambia abiria wa bodaboda hawatembei. Ukacheka tu, ukaendelea kusukuma baiskeli, mkono mmoja kiunoni. Kumbe Mama Kulwa, mzito vile, na ndoo ya dagaa mapajani, ulikuwa unampandisha kama bibi harusi. Hata hilo jina la mayu nilidhani ni langu, kumbe na yeye ulimwita hivyo hivyo. Najua, kwa Kisukuma kila mama ni mayu. Wivu haujui Kisukuma.

Jambo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku hizi naendesha baiskeli yako mwenyewe mpaka stendi, naiacha kijiweni kwa wenzako, jioni naichukua. Asubuhi moja nikamuuliza Mzee Masanja, mwenzako wa kijiweni, kwa nini ulimpendelea yule mama. Nakiri nilitaka aniambie kitu kibaya. Aliendelea kujaza upepo tairi lake. Akasema abiria ukimshusha mwinukoni, kesho anapanda bodaboda, ndiyo maana wote wanakaza mpaka juu hata kifua kikiwaka moto. Kisha akaweka pampu chini.

"Baba yako alikuwa anasema, nikifika pale na binti yangu ndo napumua. Kwake sioni aibu kuchoka."

Daktari alituambia moyo wako ulikuwa umechoka siku nyingi. Nilimuuliza mbona hatukuona dalili yoyote. Baba, dalili uliniambia kila asubuhi kwa mdomo wako. Uliniambia shuka, na mimi nikanuna kwa ajili ya viatu. Nisamehe. Sina neno lingine la kuweka hapa.

Leo asubuhi nimemkuta Mama Kulwa barabarani na ndoo yake, anatafuta usafiri. Nilimpita. Nilikwenda hatua kama ishirini, halafu nikarudi. Akapanda, akaukalia ule mto, na roho iliniuma vilevile. Tulipofika mwinukoni nilitaka kukaza mpaka juu ajue kwamba hata binti yako anaweza. Nilikaza nusu. Miguu ikagoma, nikasimama, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mayu, shuka tutembee kidogo."

Akashuka. Akajitwika ndoo, tukapanda, mimi na baiskeli, yeye na dagaa wake. Juu kabisa akafuta jasho, akasema kumbe hapa ni parefu hivi. Halafu akaniuliza, taratibu, kama na wewe ulikuwa unachoka. Nikamwambia ulikuwa unachoka sana, ndiyo maana mimi ulikuwa unanishusha. Alisimama pale muda mrefu akiangalia tulikotoka. Nadhani sasa wivu ni wake.

Mto sitampa. Hilo ulijue, usije ukasikia kwa wengine. Ila nitakuwa nampitia asubuhi, na pale mwinukoni atakuwa anatembea kama mimi nilivyotembea.

Konda anasema bado mmoja, na mmoja mwenyewe ndiye huyu anapanda. Pumzika, Baba, sasa huna abiria wa kumficha kitu. Siku nitakayokufuata, kama huko nako kuna mwinuko, nisubiri chini na baiskeli. Nitashuka kabla hujaniambia.

Mwanao.