Geji Ilisema Nusu

Liz, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Niko nje ya wodi Homa Bay na mikono bado inanuka petroli.

Unakumbuka ile gari ya sports ya zamani ya Mwalimu Nchagwa, ile niliyomrekebishia geji ya mafuta wiki jana? Leo asubuhi imezimika barabarani. Mafuta yameisha kabisa, na geji inasema nusu. NUSU, Liz!

Na alikuwa anamkimbiza mkewe, Mellen, hospitali. Pumu ilikuwa imembana hadi hawezi kumaliza neno.

Mwalimu aliponipigia simu, nilitoka Rangwe mbio na boda, mtungi wa petroli mapajani. Nikakuta lori la mchanga limeshambeba Mellen. Mwalimu amebaki kando ya gari, ananiangalia tu. Hakunipigia kelele. Heri angenipigia.

Nikafungua tangi pale pale. Ule mkono wa boya, linaloelea kwenye mafuta na kusogeza mshale, niliukunja vibaya mimi mwenyewe. Ukishuka, unakwama kwa ukuta wa tangi, na mshale unabaki nusu.

Akaniuliza polepole, "Emma, uliijaribu geji tangi likiwa tupu?"

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Liz, sikujaribu. Nilijaza mafuta, mshale ukapanda, nikafunga. Nikamimina petroli, tukaendesha hadi hapa.

Mellen amewekewa oksijeni, daktari anasema atapona. Halafu Mwalimu ametoka sasa hivi, akanishika mkono. "Asante kwa kuleta mafuta, nyar wa, binti yetu." Asante! Mimi!

Siwezi kwenda nyumbani na hiyo asante. Naingia kumwambia ukweli.