Moraa, Uliyeambiwa Ungoje Jumatano

Moraa mwanangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kile kidogo nilichopata shuleni kabla sijatolewa nikalee wadogo zangu. Kigusii ni cha kukusemesha, na nikianza kukusemesha sitaweza kushika kalamu. Baba yako amepeleka majani ya chai kituoni, nyumba iko kimya. Je, huko unasikia baridi? Nauliza tu. Usiku wa mvua bado naamka nikufunike.

Kwanza habari za nyumbani. Ndugu yako ameota meno, anauma kila kitu, hata mkia wa mbwa. Migomba uliyokuwa ukijificha ndani yake imezaa, na nyanya yako amekataa mkungu ulio karibu nawe ukatwe. Na Zakaria, yule shemasi aliyekuwa akigawa dawa ya daktari, siku hizi ana jina jipya. Nitakuambia.

Unakumbuka gari la daktari lilipokuja kutoka Keroka? Tuliitwa kina mama wote wenye watoto wadogo uwanjani pa shule. Daktari alisema, Zakaria akitafsiri, kwamba wameleta unga wa maziwa wenye vijidudu vizuri, mtoto akinywa vitapigana tumboni na vile vibaya vya kuharisha. Wanataka kuujaribu kwa watoto wetu waone kama ni kweli. Kerubo jirani yetu akauliza, "Vijidudu vizuri? Basi na chawa wazuri wapo, nikamwambie mume wangu aache kujikuna." Tulicheka sana. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, ukacheka kwa sababu mgongo ulikuwa unakurusha.

Sharti lilikuwa moja. Mtoto aliye kwenye jaribio asipewe maziwa ya kibuyu, yale yaliyoganda, ili ijulikane ni unga wao unaofanya kazi. Nyanya yako alinuna, akasema amewalea wote kwa kibuyu hicho. Mimi nikatii. Nilikiosha, nikakifukiza, nikakiangika juu kikiwa kitupu. Kila asubuhi ulikuwa ukinyoosha kidole, "Mama, kile." Nikakukatalia. Nikakukorogea kifurushi chao, ukakunja uso kama mzee aliyeonja chumvi, halafu ukadai ule uzi mweupe uliofungia kifurushi, nikufunge kidoleni uwe bibi harusi.

Kisha tumbo la kuharisha likaja. Jumapili ulianza, Jumatatu macho yalikuwa yameingia ndani. Nilikubeba mpaka kwa Zakaria, pale kando ya barabara, nikamwambia anisaidie kusimamisha lori, nakupeleka hospitali Kisii. Alikuwa na kalamu mfukoni mwa shati. Akaniambia, "Mama Moraa, ukimpeleka watampa dawa zao, na hesabu ya daktari itaharibika. Ngoja Jumatano, gari linakuja." Ni mtu aliyesoma, ni mtu anayetuombea kanisani. Nikangoja.

Gari lilikuja Jumatano kweli. Lilikuta wanaume wanachimba.

Na hapo, Moraa, kabla hujafunikwa, Zakaria alisimama mbele ya daktari na mbele ya waombolezaji akasema kwamba nilikupa maziwa ya kibuyu kwa siri, ukaharisha, nikauficha ugonjwa. Alisema kwa Kiingereza, halafu akarudia kwa Kigusii ili na sisi tusikie. Daktari akaniuliza kwa nini sikukimbilia hospitali. Nilimjibu yote. Lakini wa kunitafsiria alikuwa nani? Ni yeye Zakaria. Sijui alisema nini. Najua daktari alitikisa kichwa, akanitazama kama mtu anavyomtazama mjinga aliyeunguza nyumba yake mwenyewe.

Jaribio lilipokwisha, walirudi kutueleza. Vifurushi vya uzi mwekundu vilikuwa na vijidudu. Vya uzi mweupe vilikuwa unga mtupu, wa kulinganishia. Nilikaa pale chini, nikaona kidole chako. Ulinyimwa vya daktari na ulinyimwa vya nyanya yako, mwanangu. Daktari angetuambia mapema ningejua la kufanya. Lakini daktari alikuja na akaenda. Zakaria yuko hapa, ananunua chumvi nami duka moja.

Sasa jina lake. Alipita tena mwezi uliopita na mkoba wa vifurushi, anatafuta watoto wa jaribio jingine. Kerubo akamngoja mlangoni, mikono kiunoni: "Na mtoto akiharisha, shemasi, tungoje Jumatano?" Tangu siku hiyo anaitwa Jumatano. Pale Ikonge sokoni wanawake wanamsalimia, "Habari yako, Jumatano," na nyuso zao zimetulia kabisa. Hakuna mama aliyempa mtoto. Amerudi na mkoba umejaa. Je, nimefurahi? Nimefurahi. Sitakudanganya wewe.

Baba yako anasema niache, nitajichoma moyo bure. Nikamwambia moyo ulishaungua, haya ni majivu tu, na majivu hayaogopi moto.

Sabato ya meza ya Bwana ilipofika tuliingia wanawake kwenye chumba cha darasa la pili, shuleni, kuoshana miguu, kama kawaida. Unajua desturi yetu, mliokosana hutafutana, mmoja huinama na beseni, mambo yakaisha. Mke wa Zakaria akaja kwangu. Mwanamke mpole yule, hana neno na mtu. Akapiga magoti, akaweka beseni, akasema, "Dada, nipe miguu." Nikaivuta chini ya benchi. Wimbo ulikatika. Aliinama pale mpaka maji yakapoa, kisha akabeba beseni lake akaenda nyumbani bila kula mkate. Nilimwonea huruma, lakini miguu sikuitoa.

Mchungaji aliniita nje. "Mama Moraa, Bwana aliosha hata miguu ya Yuda." Nikamwambia, "Ndiyo, mchungaji. Na Yuda alirudi kwa wakubwa akasema nimekosa. Zakaria wako ameshindwa na Yuda." Alitazama kofia yake, akairudisha kichwani.

Basi juzi akaja Zakaria mwenyewe. Nilikuwa jikoni nachambua mboga. Akasimama mlangoni, hakukaa. "Mama Moraa, niliogopa kupoteza kazi. Nilikosa. Nisamehe." Moraa, maneno niliyoyangoja yalikuwa hapo. Lakini wamesikia nani? Mimi na kuku. Nikamwambia, "Ulinisingizia mbele ya watu wote, juu ya kaburi la mtoto. Msamaha unaniomba jikoni? Kaseme kanisani, kwa sauti ile ile." Akasema ana watoto, ana jina. Nikamwambia na mimi nilikuwa na mtoto na jina. Akaondoka.

Sasa watu wananiita mama mgumu. Waniite. Afadhali niitwe mgumu kuliko niitwe aliyekuua.

Karatasi inaisha na baba yako anakohoa njiani. Lala, mwanangu, usimngoje mtu. Kungoja ni kazi yangu sasa. Zakaria ndiye anayesoma matangazo kila Sabato, na mimi nimehamia benchi la mbele, namtazama mdomo. Akisema ukweli, nitakuja kukuambia siku hiyo hiyo, na mkewe nitamwosha miguu mimi. Asiposema, atasoma matangazo hayo mpaka azeeke, na kila akiinua macho atanikuta.

Mama yako