Uzito Niliomsingizia Dada Tatu

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
19 Juni 2025.

Mpendwa mpwa wangu Abubakary,

Assalamu alaykum. Na marahaba, maana najua hapo ulipo umeshanitupia shikamoo kabla hujafika mstari wa pili. Hali yako vipi huko Maskati? Joto linakuacha ulale? Mkeo Rahaf anaendeleaje, na mjukuu wangu Ammar ameanza kutembea au bado anatambaa? Sisi huku Bongo tunavuta pumzi, tunamshukuru Mungu. Ila mimi moyoni si mzima sana, na ndiyo sababu ya karatasi hii.

Utashangaa mjomba anaandika barua zama hizi za simu. Kwenye simu, mwanangu, mdomo wangu unanikimbia. Nikianza kukueleza jambo la aibu, nashtukia nimefika kwenye lile friji nililolibeba kwa pikipiki kutoka Kariakoo mpaka Mbagala, na jagi la maji lililokuwa ndani halikumwaga hata tone. Kalamu inakwenda polepole. Hili darasa langu la tano linanibana, siwezi kuruka mbali. Najma wa dukani anasafiri kuja huko, atakupa mkononi.

Jambo lenyewe linamhusu mama yako. Usishtuke, yupo, anatembea, anagombeza watu kama kawaida. Lakini nilikwambia kwamba kule soko la samaki la Feri aliteleza kwenye maji ya samaki. Nilikudanganya. Hakuteleza. Alizimia kwa njaa, na njaa hiyo chanzo chake ni mimi.

Ilianza na pikipiki. Hii uliyotuachia ili nimpeleke kliniki ya sukari kila Jumanne iliingia tabia ya kuinama. Nikishika breki, mbele kote kunazama. Tukiingia shimo pale Msimbazi, chuma kinagonga chuma. Watu wakaniambia nenda kwa fundi. Mimi niende kwa fundi! Mimi ambaye meli ilikwama bandarini wakatuma gari kunifuata! Basi, hiyo ya meli tuiache. Nikasema shokapu za mbele zimeishiwa oili, nitazijaza mwenyewe hapa uani.

Nikanunua oili ya gia, ile nzito inayotoka kama asali. Nikafungua vifuniko vya juu nikamimina mpaka mdomoni, juu ya oili ya zamani, sikutoa hata kidogo. Wewe unatujua nyumbani kwetu. Mgeni akija, kikombe chake kinajazwa mpaka chai inamwagikia kwenye kisahani. Ukimpa nusu umemtukana. Nikaona na shokapu nazo nizifanyie ukarimu.

Ikawa ngumu kama gogo. Kila tuta linanipiga viganjani, mama yako huko nyuma anarushwa, anapiga bismillah moja baada ya nyingine. Kisha siku moja tunatoka sokoni, sili za shokapu, zile raba zinazozuia oili, zikapasuka, oili ikachuruzika mpaka kwenye tairi. Mama yako akashuka, akasema anarudi kununua nyanya. Mimi nikaikokota pikipiki mpaka pale kona tunapokunywa kahawa.

Wenzangu wote walikuwepo. Abdulhamid muuza mabegi akanidaka kabla sijaegesha: "Eti fundi wa meli! Pikipiki ndogo hivi imekushinda?" Wakacheka. Nikatafuta pa kutokea, mpwa wangu, na mlango niliouona ulikuwa mmoja tu. Nikasema kwa sauti, "Siyo mimi. Dada Tatu amenenepa kupita kiasi. Hakuna shokapu ya kubeba mzigo ule labda wamfungie ya lori." Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka kuwashinda.

Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu chake cha nyanya. Nilijua kwa jinsi kicheko kilivyokatika. Alivuta mtandio, akapita katikati yetu, akaenda nyumbani kwa miguu.

Tangu hapo hakupanda tena, ingawa mimi niliiendesha hivyohivyo, naongeza oili kila ikivuja. Nikimwambia Jumanne imefika, anasema ana kazi. Kliniki ikasimama. Jioni akipakua wali anatupakulia sisi, yeye anasema ameshakula jikoni. Nami sikuhoji, nikala sahani yangu na ukoko wake. Kumbe dawa za sukari anameza vilevile, na tumbo halina kitu. Akaenda hivyo mpaka asubuhi ile Feri, alipokuwa anachagua vibua, akazimia. Bi Fatuma, yule mkaanga samaki, ndiye aliyemdaka, akamkalisha juu ya ndoo, akamnywesha chai yenye sukari. Mungu amlipe.

Utadhani hapo nilijirudi. Wapi! Nilikuwa bado naamini ni uzito wa mama yako. Nikaipeleka pikipiki mtaa wa Gerezani kwa Abbasi, fundi mwenye maneno kunizidi mimi. Akafungua kifuniko, oili ikamrukia kifuani.

"Mjomba, umejaza shokapu au umejaza tangi?"

"Nimeipa haki yake."

"Haki gani hiyo? Hapa juu panataka hewa. Springi ikishuka, oili iende wapi? Ikakusubiri nyumbani?"

Akamwaga yote, akaosha, akafunga sili mpya, akatia oili ya kiwandani kwa kipimo chake. Halafu akafunga uzi wa mpira kwenye bomba la shokapu, chini kabisa, akaniambia nipande, nikae, kisha nishuke taratibu. Nilipotazama, ule uzi ulikuwa umesukumwa juu karibu na mwisho.

"Unaona? Hujaondoka hata hapa, shokapu imeshamaliza safari yake."

Nikamwambia ndiyo hivyo, dada yangu ni mzito. Abbasi akatazama kiti cha nyuma. Akatazama tumbo langu. "Dada yako yuko wapi, mjomba? Mimi hapa namwona mtu mmoja."

Gereji nzima walishika mbavu. Mimi nilikuwa nautazama ule uzi. Nilitamani nidai umelegea, na neno lilikuwa limeshafika ulimini, likagoma kutoka.

Abbasi akaimwaga tena ile oili, akaweka nzito kidogo kuliko ya kiwandani, akaipima kwa kikombe, kushoto sawa na kulia, akaacha nafasi ya hewa. Juu ya springi akaongeza kipande kifupi cha bomba ili isilale chini mtu wa mwili wangu akikaa. "Nimeitengeneza kwa ajili yako," akasema. "Dada yako hata angepanda na pacha wake, asingekuwa na kosa."

Nilimkuta mama yako anachambua mchele. Nikamwambia, "Dada, pikipiki imepona. Mzito ni mimi. Nisamehe."

Hakuinua kichwa. "Hilo mbona mtaa mzima unalijua, Zahoro." Akatupa kijiwe. "Jumanne uwe mlangoni mapema."

Basi Jumanne tukaenda. Pikipiki inashuka shimoni na kupanda kistaarabu, hata nikaanza kujisikia. Nikasema moyoni yamekwisha. Tulipofika, nesi akampima uzito, akapima sukari, akakunja uso. Mimi nimesimama mlangoni na pochi ya mama yako. Nesi akasema, "Mama, umepungua vibaya, na sukari imeshuka. Nani amekwambia uache kula?"

Mama yako alinitazama kidogo tu. Kisha akamjibu, "Hakuna, mwanangu. Nilikosa hamu."

Alinisitiri, Abuu. Mimi nilimvunjia heshima mbele ya wanaume ili nipate kicheko, yeye akanifunika mbele ya nesi ambaye hata hanijui jina. Na mimi, mdomo wangu huu wote, nikakosa maneno mawili ya kusema "Ni mimi." Nilibaki nimeshika pochi.

Jana baada ya alasiri nikaenda kahawani. Nikawaambia wote: nilimsingizia dada yangu, shokapu niliiharibu mwenyewe, uzito ni wangu, na kwa maneno yangu dada aliacha kula mpaka akaanguka. Abdulhamid alikuwa anasubiri kipande cha kuchekesha. Hakikuja. Akasema, "Leo hadithi yako fupi, Zahoro." Nikamwambia hiyo si hadithi. Nikaweka kikombe chini, nikaondoka.

Sasa nakuomba jambo moja. Mama yako ameanza kula, lakini anakula kama mgeni, tonge mbili tatu, anasukuma sahani. Nikimwambia aongeze ananiangalia tu, nami nashindwa kumsemesha zaidi, maana nitamwambia kwa uso gani? Mpigie simu wakati wa chakula cha usiku. Muulize amepakua nini, mweleze habari za Ammar, umshikilie kwenye simu mpaka sahani iishe. Wewe atakusikiliza. Ukitaka kunigombeza una haki. Nipigie siku yoyote, nitakaa kimya mpaka umalize.

Nisalimie Rahaf, mbusu Ammar kwa niaba yangu. Bi Fatuma wa Feri anakusalimu, na Abbasi pia, ingawa salamu zake zina utani nisioweza kuuandika. Mungu akulinde ugenini, akufungulie riziki, na akurudishe ukamkute mama yako ana siha na anacheka.

Ni mimi nikupendaye, ninayekuomba radhi kwa yale niliyomfanyia mama yako,

Mjomba wako,
Zahoro