Maharage ya Fundi Zege

Tarehe 4 Juni

Binti yangu,

Pokea salamu, nyingine wagawie wajukuu na mumeo. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisumbua kila kukipambazuka, nalo nimeliambia lisubiri zamu yake. Fundi viatu jirani anakusalimu. Yeye anashika kalamu, mimi nashika maneno, maana unajua mimi na shule tulipishana njiani bila hata kupungiana mkono.

Barua yako nimesomewa. Unasema tangu mama yako atutoke nakula maharage ya kopo tu, makopo matupu umeyakuta mpaka chini ya kitanda, kwa hiyo mmenitengea chumba kwenu na mwisho wa mwezi mnakuja kunibeba kama gunia. Mwanangu, siondoki. Nyumba hii nimeijenga kwa mikono hii, hata nyufa zake nazijua tabia. Ulitaka nile chakula cha kupikwa? Napika. Tena napika hayo hayo ya kopo, bila kopo.

Sikiliza. Nimechukua maharage meupe, yale madogo, nikayaloweka usiku kucha. Asubuhi nikatia sufuriani maharage, nyanya za kusaga, vitunguu, sukari, siki, chumvi na maji, yote kwa mpigo. Wengine wanapika kwa woga, kimoja kimoja, kama wanaingia msibani. Mimi nimechanganya zege maisha yangu yote: mchanga, kokoto, saruji, maji, geuza, mwaga. Ile ghorofa ya benki nguzo zote nilimwaga mimi, na ule upepo ulioezua mapaa mji mzima, ulipofika pale ulikata kona. Maharage ndiyo yanishinde? Nikafunika, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Yametoka mekundu yanang'aa, harufu mpaka barabarani. Fundi viatu amekula akakosa la kusema.

Mwambie mumeo chumba akipangishe.

Ni mimi baba yako

(Dada, nilikosa la kusema kwa sababu jino lilikuwa limeng'oka. Fundi viatu.)

Tarehe 12 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Huku wazima, watoto wanakohoa kidogo, ni hii baridi. Na goti? Usilipige maneno, lipake dawa.

Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuangalia kuna nini. Halafu nikaacha kucheka. Jino la jirani nimelisikia. La kwako likitoka nitaambiwa na nani? Kwako wewe kila kitu ni kizuri. Ukianguka hapo ndani peke yako utasema ulikuwa unapumzika.

Na maharage siyo zege, Baba. Nyanya na siki vikiingia mapema ngozi yake inakaza, hata uchemshe mpaka kesho hayalainiki. Kwanza yaive kwenye maji matupu, mpaka ukiminya moja kwa vidole lipondeke bila ubishi. Ndipo ukaange vitunguu na nyanya, utie sukari na siki, uchanganye, urudishe makaa yako juu na chini mpaka rojo liwe zito.

Tumepanga hivi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakuja na gari. Utatupikia mwenyewe. Yakilika, tutazungumza. Yasipolika, unapanda mbele, kiti cha dirishani. Sitanii.

Mwanao

Tarehe 20 Juni

Binti yangu mwenye hasira za mama yake,

Marahaba. Poleni na kikohozi. Goti nimelipaka, sasa linanuka kuliko mwenyewe.

Ungesema tangu mwanzo kwa lugha ya watu wazima. Maharage ndiyo ukuta, nyanya ni lipu. Nani anapiga lipu kabla ukuta haujasimama? Fundi wa namna hiyo saiti kwangu ningemfukuza kabla ya chai. Basi nimejifukuza, na jioni nikajirudisha kazini, maana mafundi wazuri ni adimu.

Nimepika tena. Yameiva ila nilizidisha sukari, huyu anayeandika akauliza kama nitampa na chai. Nikapika tena, nikapunguza. Sasa muuza mkaa haondoki mchana, na yule mama anayeshona mashuka nyumba ya tatu ametuma bakuli. Bakuli tupu, bila maneno. Nimelijaza. Wewe usianze kuwaza.

Neno moja nakwambia bila mzaha, na nimemwonya mwandishi aliandike kama lilivyotoka. Huko kwenu nitakuwa mgeni, nikiomba maji naomba kwa adabu. Hapa nikifumba macho najua mlango ulipo. Na asubuhi nikichelewa kufungua dirisha kuna watu wanagonga, wana njaa.

Njooni na njaa nanyi.

Baba yako

(Dada, safari hii ni kweli. Fundi viatu.)

Tarehe 9 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Tulifika salama, watoto walilala njia nzima kwa shibe. Samahani nimechelewa kuandika, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nikwambie ukweli. Nilikuja nimeshaamua, yalike yasilike. Mume wangu alibeba kamba za kufungia kitanda chako juu ya gari. Kisha ulipokuwa uani unaondoa makaa kwenye mfuniko, yule mama wa mashuka akapita mlangoni. Hakunijua. Akaniuliza, "Mzee mzima? Dirisha leo limechelewa, nikasema nipite." Nikamwambia mzima, anapika. Akasema, "Ah, basi," akaenda zake. Wewe ukaingia na sufuria unasimulia jinsi ulivyomfundisha kazi injinia wa daraja, nami nikapakua nikala. Nilitafuta la kusema, sikulipata, na meno yangu yote yalikuwepo.

Juzi nimepika yangu. Mjukuu wako mdogo ameonja akasukuma sahani: "Ya babu yana moshi." Nakosea wapi? Niandikie, na usitie chumvi.

Kile chumba nimeweka cherehani yangu, na zile kamba tumeanikia nguo. Baridi ikiisha njoo. Utakaa siku mbili tatu, utusumbue, utugombeze kuhusu lipu ya jikoni, kisha mimi mwenyewe nitakusindikiza stendi.

Mwanao