Mikono ya Kabula

Mpendwa Minza,

Hata bibi yako sijamwambia: umeuliza kwa nini tulihama Nyarugusu, na sababu ni mimi. Hapa Ngokolo hatujambo.

Unamkumbuka mdogo wangu Kabula, asiyesema, mikono ikisuguana kutwa kama anaosha kitu? Daktari alisema ni ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao. Mimi niliwatania wachimbaji: "Anaosha dhahabu msiyoiona."

Wakaamini, wakamchukua wakamkalisha machimboni. Mikono ikatulia. Wakachimba pale, wakapata dhahabu. "Binti, huyu sasa ni wetu," mmoja akaniambia akicheka. Wote walitazama mikono. Mimi peke yangu niliona macho yake, yakinisihi nimtoe.

Walipoanza kumfuata nyumbani, bibi yako akatuhamisha.

Jana mikono ilitulia tena, hapa uani kwetu. Tafadhali, Minza, usimwambie mtu.

Shangazi yako,
Nyanjige