Vyuma Vinne Visivyo na Waya

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Dirisha la jikoni lifunge kabla hujatoka. Ile reli yetu ndogo ya mezani usiiguse. Nimeipindua makusudi ujionee kazi yako.

Mpaka sasa nimeduwaa. Tulikubaliana nini? Kompyuta iendeshe treni, mimi nibadilishe njia za reli kwa vile vyuma vinne vya kuvuta, kama nilivyofanya stesheni miaka thelathini na moja. Basi asubuhi hii nikapiga chafya, nikachelewa kuvuta chuma, na treni ya mizigo ikaingia njia ya pembeni yenyewe, taratibu, kama imetumwa. Nikaingia chini ya meza na tochi. Vyuma vyote vinne havina hata waya mmoja! Miezi minane navuta vyuma vitupu, nawe unanipigia makofi: "Hongera baba, leo hakuna ajali!"

Najua vidole vyangu vinatetemeka, na mwanzoni treni zilianguka mara mbili, ndipo ukaipa kompyuta na njia pia. Si ungeniambia? Mimi si mtoto wa kupewa usukani wa kuchezea.

~~Ing'oe kompyuta yote.~~ Hapana, treni iendeshe tu, mwendo inaujua kuliko mimi. Ila njia ni zangu. Nimekwenda kununua waya. Nikirudi tutaunga pamoja, na mama yako atatushikia tochi, maana naye alijua: nilipomuuliza akaanza kufuta meza iliyo safi.

Na treni ikianguka, iache ianguke. Nitaiokota mwenyewe.

Baba