Saa Iliyotaka Kuninyima Mke

Hodan mama, assalamu alaikum. Huku Galbet tuko wazima. Bibi yako anasema umekonda, na hata picha yako hajaiona.

Ya saa yako mimi nimeiona. Wallahi, tarakimu zinawaka ndani ya vichupa vya kioo kama kaa la moto! Na umeiunda mwenyewe! Sasa unauliza ianze kuhesabu usiku wa manane au jua likichomoza. Swali hilo nusura lininyime mke.

Nilipokuwa fundi wa redio, nilichomoa vioo kama hivyo kwenye mashine mbovu ya kupimia, nikaunda saa. Nikaifuatisha na redio ya Kiingereza. Baba ya bibi yako akaniambia, "Njoo kesho saa mbili, tuzungumze mambo ya binti." Basi kutoka asubuhi nikakaa mbele ya vioo, nikingoja mbili iwake. Adhana ya adhuhuri ikaita. Nikasema mwadhini ndiye amekosea.

Nilipofika, mzee alikuwa ameondoka na ngamia wake, amekasirika. Binti alinisikiliza, akacheka mpaka akakaa chini. "Umeweza kufungia moto ndani ya kioo, kuhesabu kutoka asubuhi kumekushinda?"

Jioni alinitetea kwa baba yake: "Alichelewa kwa sababu ya elimu nyingi." Mzee akanihurumia, akakubali.

Wewe weka swichi ya kugeuza masaa, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ili kijana atakayekuja kukuposa akichelewa asipate kisingizio.

Ni mimi awowe wako, babu mwenye elimu nyingi.